Nuru Imefifia, Nani Kaizima?

Hotuba niliyoitoa Geita mbele ya walimu wa sayansi wa sekondari na viongozi wa vikundi vya wachimbaji wadogo. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha. Hata pale ukumbini hazikuonekana vizuri, maana jua lilikuwa linapiga ukuta uleule.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wenyeviti wa vikundi, kina mama wa marudio, vijana wa makarasha, na wanafunzi wetu mliokaa huko nyuma kama kawaida yenu: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie vihisio vidogo vinavyong'aa, vinavyotumika kutambua metali nzito ndani ya maji. Kemia itafuata baadaye. Naanza na soda. Hii mkononi mwangu ni soda ya toniki, ile chungu. Uchungu wake ni kwinini, dawa ya malaria waliyoinywa wazee wetu huku wamekunja nyuso. Na hii nyingine ni taa ya kukagulia noti. Nimeiazima kwa wakala wa pesa hapo nje, naye kasema ifikapo saa sita anaifuata mwenyewe. Mlio karibu na madirisha, shusheni mapazia. Asanteni.

Namulika. Mnaona? Soda iliyokuwa haina rangi imekuwa samawati, inang'aa. Sasa natia kijiko cha chumvi, hii hii ya mezani. Nakoroga. Angalieni vizuri.

Nuru imefifia. Nani kaizima?

Kwinini haijaenda popote, bado imo humo kwenye glasi. Taa ikiwashwa, kwinini hunyonya mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayauoni, hukaa na nishati hiyo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha huirudisha kwa rangi ya samawati. Chumvi imeleta ioni za kloridi, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Ioni hizo zinaigonga kwinini kabla haijairudisha nishati yake, na nishati inaishia kuwa joto. Mwingereza John Herschel aliuandika mng'ao huu wa kwinini mwaka 1845. George Stokes akaueleza mwaka 1852, na mwaka 1869 akaandika jinsi kloridi inavyoufifisha. Kwa hiyo mlichokiona ni jambo la zaidi ya miaka 150, na kwa kweli ndicho kihisio rahisi kuliko vyote: kitu kinachong'aa, na kingine kinachokuja kukizima. Ukijua mng'ao umepungua kwa kiasi gani, unaweza kukadiria mzimaji yupo kwa kiasi gani.

Neno langu la leo ni moja, nalo ni hilo swali. Nuru imefifia, nani kaizima? Mkiondoka hapa mmesahau majina yote ya kemikali, hilo swali msilisahau.

Ndugu zangu, tangu enzi za Stokes kilichobadilika ni kile kinachong'aa. Siku hizi tunatumia vitone vya nanomita chache, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Kwa ukubwa huo, vitu vinaacha tabia zake za kawaida. Vitone vya kwanta vilivyotengenezwa kwa dutu ileile moja vinatoa rangi tofauti kwa sababu ya ukubwa tu: vidogo samawati, vikubwa zaidi vyekundu. Alexei Ekimov aliliona jambo hilo ndani ya kioo, Louis Brus akaliona ndani ya kimiminika, na Moungi Bawendi mwaka 1993 akapata namna ya kuvitengeneza vikiwa na ukubwa sawasawa. Wote watatu walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023. Huyu Bawendi ni mtoto wa Mtunisia, na alisema hadharani kwamba mtihani wake wa kwanza wa kemia chuoni alipata 20 kwa 100. Walimu, hilo nawaachia, mtajua wenyewe mwanafunzi gani wa kumwambia.

Lakini vitone vya kwanta vilivyozoeleka sana vina kadimiamu ndani yake. Sikilizeni hapo. Kadimiamu ni metali nzito, ni sumu ya figo, na Shirika la Afya Duniani linasema isizidi mikrogramu 3 kwa lita ya maji ya kunywa. Sasa wewe unakuja kutafuta sumu mtoni, na mkononi umeshika chupa ya sumu? Binafsi sivipendi kwa kazi ya uwandani. Maabara kubwa wanavidhibiti, sawa, hayo ni yao. Mimi sitampa mwalimu wa kata kitu ambacho sijui atakimwaga wapi akimaliza.

Ndiyo maana nina upendeleo, nakiri hadharani: navipenda vitone vya kaboni. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walikuwa wanasafisha masizi ili wapate mirija midogo ya kaboni. Walipoyatenganisha kwa umeme, wakakuta ndani ya uchafu kuna kitu kinang'aa. Kina mama, mmesikia? Masizi. Yale mnayoyakwangua kwenye sufuria. Tangu hapo watu wametengeneza vitone vya kaboni kwa maji ya machungwa, kwa maganda ya ndizi, kwa karibu kila kitu kilicho hai. Njia moja inayojulikana ni kuchanganya asidi ya limau na urea kwenye maji, ukaichemsha ndani ya mikrowevu kwa dakika chache mpaka ikauke na kuwa kahawia. Urea ni ileile ya mbolea. Ukiyeyusha kile kilichobaki, ukachuja, ukamulika, utaona. Mwalimu akitaka kujaribu shuleni, afanye penye upepo wa kutosha, maana moshi wake si wa kuvuta, na hiyo mikrowevu isirudi tena jikoni.

Sasa tuje kwenye kiini. Kung'aa ni rahisi. Nasema tena, kung'aa ni rahisi! Tena ni rahisi mno, na kila mwaka zinachapishwa makala nyingi za kisayansi zenye picha nzuri za chupa zinazong'aa. Kazi ngumu ni kupata kitu kinachozimwa na metali moja tu, huku nyingine zikipita kikanyamaza. Kihisio kinachozimwa na kila metali ni mbwa anayembwekea kila apitaye: siku mwizi akija, nani ataamka?

Niwape kisa. Tarehe 1 Mei 1956, mji wa Minamata, Japani, daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda cha kemikali alitoa taarifa ya ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Watoto walikuwa hawawezi kutembea wala kuongea vizuri. Paka walikuwa wanazunguka ovyo mpaka wanatumbukia baharini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walipoanza kuichunguza ghuba ile, tatizo lao halikuwa kukosa metali. Zilikuwa nyingi kupita kiasi! Walishuku manganizi. Wakashuku seleniamu. Wakashuku thaliamu. Kila mmoja wa hao alikuwa na sababu ya kushukiwa, kwa kuwa kweli alikuwamo. Mwaka 1959 ndipo walipotangaza kwamba ni zebaki, na serikali ya Japani ikakiri rasmi mwaka 1968. Toka 1956 hadi 1968 ni miaka 12, na ghuba ile wavuvi walikuwa wanakula samaki wake.

Nuru imefifia. Nani kaizima? Minamata walikuwa na watuhumiwa wengi, na kumtenga mmoja ndiko kulikochukua miaka.

Turudi nyumbani. Hapa Geita kumtambulisha zebaki kwa mtu ni sawa na kumtambulisha jirani yake. Mawe yametoka duarani, yaani shimoni, yamesagwa kwenye karasha, yamepita kwenye mwalo, ule mteremko wa maji unaobakiza yaliyo mazito, kisha yale mazito yaliyobaki yanatiwa zebaki kwenye beseni na kukandwa kwa mikono ili ikamatishe. Zebaki inaipenda dhahabu. Inaishika, inaacha mchanga. Halafu mnachoma, zebaki inapanda juu, dhahabu inabaki. Hapo sijakosea, eeh? (Sauti kutoka safu ya mbele: "Hujakosea, mwalimu, umeruka tu kuosha.") Kweli, nimeruka kuosha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi huwa linanifurahisha kuliko yote katika taaluma hii. Mwaka 2009 watafiti wa Singapore walichukua protini ya damu ya ng'ombe, wakaichanganya na chumvi ya dhahabu kwa joto la nyuzi 37, yaani joto la mwili wa binadamu. Ndani ya ile protini atomi za dhahabu zipatazo 25 zikajikusanya pamoja. Kundi dogo kiasi hicho halina tena rangi ya dhahabu mnayoijua. Ukilimulika linatoa mwanga mwekundu. Wengine baadaye wamefanya hivyohivyo kwa ute wa yai la kuku. Mwaka 2010 watafiti walewale wakaonyesha kwamba ioni za zebaki zikiingia kwenye maji hayo, mwekundu unazimika. Kwa nini? Kwa sababu juu ya kundi lile kuna ioni za dhahabu, na ioni ya zebaki inavutwa nazo, inakaa pale, nishati inapotea. Mkemia atanisahihisha kwamba huku si kukamatisha kulekule kwa kwenye beseni, na atakuwa sahihi. Lakini upendo ni uleule: zebaki na dhahabu. Mnachokifanya nyinyi kwa kilo, wao wamekifanya kwa atomi 25.

Na wepesi wake wa kuhisi unashangaza. Walipima mpaka nanomoli 0.5 kwa lita, yaani kama mikrogramu 0.1. Shirika la Afya Duniani linasema zebaki isiyo ya kikaboni isizidi mikrogramu 6 kwa lita ya maji ya kunywa. Mikrogramu 6 ni kitu gani? Chukua maroli 100 ya maji, kila moja lita 10,000. Tia gramu 6 za zebaki ndani ya maji yote hayo. Gramu 6 za zebaki hazifiki hata nusu mililita, maana ni nzito mno. Ile chembe inayoteleza mkononi ukiwa unakanda na kuanguka chini, usiiname hata kuitafuta, inaweza kufika hapo. Kikomo ni hicho, na vitone hivi vinaona mara 60 chini yake.

Mmepiga makofi. Asanteni, lakini mmewahi.

Vipimo vile vilifanywa kwenye maji safi ya maabara. Maji ya hapa ni safi? Mnajua kinachotokea kwa marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa. Wachimbaji wakimaliza, marudio hayatupwi, yananunuliwa. Yanapelekwa kwenye matangi, yanalowekwa kwa sianidi, kemikali yenye sumu kali, ili kutoa dhahabu iliyobaki. Na ndani ya marudio hayo zebaki bado imo. Sianidi inapoingia, inayeyusha dhahabu, na inaichukua na zebaki pia, zebaki inakuwa ya kuyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo mahali penye hatari kubwa ya zebaki ndani ya maji ni hapo hapo penye sianidi. Sasa fikirini pamoja nami. Nakuja na kihisio changu cha dhahabu, kile kizuri cha atomi 25, nakitia kwenye maji ya bwawa la sianidi. Nini kitatokea?

(Mwanafunzi mmoja wa kike, kidato cha tatu, alijibu kabla ya walimu wake: "Sianidi itakula dhahabu.")

Itakula dhahabu! Mpigieni makofi huyo. Ndiyo kazi yake, ndiyo sababu imeletwa Geita. Itakitafuna kihisio, mwanga mwekundu utazimika, na mimi nitaandika kwenye daftari langu: zebaki, nyingi sana. Kumbe aliyezima ni sianidi. Wapo watafiti wengine walioitumia tabia hiyohiyo makusudi kupima sianidi. Kifaa kilekile, kufifia kulekule, mzimaji mwingine kabisa.

Na sijamaliza. Udongo wetu ni mwekundu, na wekundu ule ni chuma. Ioni za chuma ndizo wazimaji wakubwa wa vitone vya kaboni, navyo mara nyingi hutumika kupimia chuma chenyewe. Maji ya kisima yakiwa ya kawaida, chuma kingi kimeganda kama kutu, hakisumbui sana. Lakini zebaki ina tabia mbaya: ukiiacha kwenye chupa ya plastiki siku kadhaa, inajibandika kwenye kuta za chupa au inapotea hewani, ukipima unapata kidogo. Ili isipotee, maabara hutia asidi kwenye sampuli. Ukitia asidi, kile chuma kilichoganda kinayeyuka. Kikiyeyuka, kinazima vitone. Umeiokoa zebaki, umemleta chuma. Huu ndio mtego ambao mtu wa maji ya bomba la Ulaya hakutani nao, nasi tunakutana nao kila wiki. Ongezeni rangi ya majani yaliyooza, inayonyonya mwanga kabla haujavifikia vitone. Ongezeni tope. Maji yenye rangi ya chai yanafifisha kila kihisio, hata kama hayana metali hata chembe moja.

Kwa hiyo tukate tamaa? Hata kidogo. Watu wamepambana na swali hili kwa akili nyingi, nami nitataja njia tatu bila kukaa sana kwenye kila moja.

Njia ya kwanza, kifungo chenye ufunguo mmoja. Mwaka 2004 Akira Ono na mwenzake, huko Japani, walitumia kipande cha DNA, ule uzi unaobeba urithi ndani ya viumbe. Moja ya herufi za DNA inaitwa thaimini, na thaimini mbili zikikabiliana, ioni ya zebaki inaingia katikati na kuzifunga pamoja. Shaba hairuhusiwi, risasi, ile metali ya kwenye betri za magari, hairuhusiwi. Ukibandika kitu kinachong'aa upande mmoja na kizimaji upande wa pili, zebaki ikija inakunja DNA na vinakutana. Huyo si wa kubwekea kila mtu.

Ya pili, kuwasha badala ya kuzima. Mwaka 2000, Illinois, Jing Li na Yi Lu walitengeneza kihisio cha risasi kwa DNA inayokata: risasi ikifika, inaiwezesha DNA hiyo kukata uzi mwenzake, kipande kinachong'aa kinajitenga na kizimaji chake, mwanga unawaka. Mnaona tofauti? Wanaoweza kuzima nuru ni wengi. Wanaoweza kuiwasha ni wachache. Mimi nikiambiwa nichague, nachagua kinachowaka.

Ya tatu, rangi mbili ndani ya chupa moja. Kitone kimoja samawati kinachozimwa na metali, kingine chekundu kisichojali. Tope likija, vyote viwili vinafifia pamoja, nawe unajua ni tope. Metali ikija, samawati peke yake inashuka na maji yanageuka mekundu. Jicho la binadamu ni baya sana katika kukadiria kama mwanga umepungua kwa robo au kwa theluthi, ila kubadilika rangi linakuona mara moja. Kamera ya simu nayo ni hivyohivyo.

Juu ya hizo tatu kuna adabu ya maabara: sehemu ya sampuli unaitia kiasi unachokijua cha zebaki, unaona kama kufifia kunaongezeka kama ulivyotarajia. Kama hakuongezeki, basi maji hayo yanakudanganya. Hili lifanyike maabara tu. Shuleni tumieni chumvi na kwinini, au chuma na vitone vya kaboni, mwanafunzi atajifunza jambo lilelile bila ya kuigusa zebaki.

Ndugu wachimbaji, sasa nazungumza nanyi, na nitasema jambo ambalo huenda halitawafurahisha waliotualika. Kihisio cha maji hakitawaokoa na moshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, watafiti walikwenda Rwamagasa, hapa hapa kwetu. Wakapima matope, maji na samaki. Wakachukua damu, mkojo na nywele za watu, na Katoro wakaitumia kama mahali pa kulinganishia. Waliokuwa na zebaki nyingi zaidi mwilini ni wachomaji. Siyo aliyekunywa maji ya mto, ni aliyeinama juu ya kikaango. Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke, mvuke unaingia mapafuni, na kutoka mapafuni unaingia kwenye damu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu unakadiriwa kutoa asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu anaiingiza hewani duniani. Hewani! Kihisio changu kimekaa kwenye maji, kinasubiri ioni. Mvuke unapita juu yake.

Na hata huko mtoni, zebaki nyingi haiogelei. Inasafiri imejishika kwenye tope. Ukichota maji yaliyotulia, yakaonekana masafi, ukapima, ukapata kidogo, je, mto ni salama? Umepima maji, hujapima mto. Mvua ikinyesha, tope likaamka, jibu linabadilika. Kuna jambo la swali hapa. Chombo kinajibu swali uliloliuliza, na hakikuonei huruma kama uliuliza jingine.

Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kutoa risasi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mwanawe mchanga akaugua. Hospitali wakatafuta malaria, wakatafuta taifodi. Baadaye ndipo damu ya mtoto ikapimwa risasi, ikakutwa. Mama yule akaanza kudai majirani nao wapimwe, mpaka suala likafika mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi iliendelea kupanda ngazi za rufaa, hayo tuwaachie wanasheria. Mimi nachukua kipande kimoja tu: madaktari hawakukosa vifaa vya kupima malaria. Risasi haikutafutwa, kwa hiyo haikuonekana. Ingekuwapo karatasi ya kuchovya, ya bei ndogo, kwenye mfuko wa afisa afya, huenda mtu angeuliza mapema. Huenda. Nadhani hapo ndipo thamani ya vihisio hivi ilipo: kuuliza mapema na kuuliza mara nyingi, ili ile mashine kubwa ya maabara ya mkoani au ya Dar es Salaam ipelekewe chupa chache zinazostahili badala ya chupa mia za kubahatisha. Atakayewaambia kwamba kijikaratasi kinang'aa kimechukua nafasi ya ile mashine, muulizeni alipima maji ya wapi.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, ule uliosainiwa Kumamoto mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Mkataba unatutaka tupunguze zebaki kwenye uchimbaji mdogo. Tutajuaje kama tumepunguza? Vihisio vingi duniani vimejaribiwa kwa maji yaliyochujwa na kutiwa zebaki kidogo kwa mkono. Maji yenye chuma, tope, sianidi na zebaki kwa pamoja yako hapa. Anayetaka kuthibitisha kihisio chake, aje akithibitishe kwenye maji yetu. Na sisi walimu tusisubiri aje. Maji ni yetu, udongo ni wetu, na yule binti wa kidato cha tatu tumemsikia.

Kabla sijashuka, jambo la kazi kwa waliojiandikisha kuleta sampuli. Chupa za kioo ziko meza ya mlangoni, kila kikundi kichukue mbili. Moja mchote juu ya mialo, nyingine chini yake. Jazeni mpaka juu kabisa, msiache hewa. Anayechota asiwe amekanda siku hiyo, au anawe vizuri na avae glovu, maana kidole kimoja chenye zebaki kinaharibu chupa nzima. Konzi moja ya tope iwekwe kwenye mfuko wake peke yake. Andikeni mahali, saa, na kama mvua ilinyesha usiku. Zifike siku hiyohiyo kabla ya saa kumi, tuzitie asidi sisi wenyewe.

Na hili naomba lisikike mpaka nje: maji ya bwawa la sianidi yasichanganywe na mengine, yafungwe kitambaa chekundu shingoni mwa chupa, na mtu atuambie kwa mdomo wake wakati anaikabidhi. Hizo hatuzitii asidi. Asidi juu ya sianidi hutoa gesi inayoua, na chumba chetu cha kupokelea sampuli kina dirisha moja.